Kisanduku Chako Hakikusema Uongo

Nyumba namba 17, ghorofa ya pili,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Msumari,

Pokea salamu za shangazi yako, ambazo kama kawaida zinakuja na maswali kabla hujakaa kitako. Kifua kimepona? Baridi ya huko imelegea, au bado unalala na soksi? Unakula, au unapitisha siku kwa chai na ubishi kama ilivyo desturi yako? Nijibu moja baada ya jingine. Usiniandikie mstari mmoja wa "mimi mzima" kama mtu anayekimbizwa.

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Baba yako magoti yanamsumbua akipanda ngazi, na kwa kuwa hakubali kwamba amezeeka, anazilaumu ngazi. Bibi yako sikio la kulia limegoma kabisa, lakini jina lako likitajwa kwa mnong'ono huko jikoni analisikia. Binti yangu ameanza kazi kwenye duka la dawa na sasa kila anayekohoa humu ndani anapewa mhadhara. Mimi mwili wangu mzima. Moyo ndio mgonjwa, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika salama, pamoja na kurasa kumi na nne za mchoro na ile bahasha ndogo ya mjane wa Kipenga. Nimesoma kwamba unapakia maboksi ghalani na hutaki tena kushika bisibisi. Nimesoma kwamba kila ukitoka kazini unaukunjua mchoro mezani kutafuta ulipokosea. Unaniomba nikusaidie kutafuta, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha umeme. Tena unaniomba nimfikishie mjane barua yako ya kumwomba radhi, kwa sababu kisanduku ulichobuni ndicho kilichomuua mumewe.

Barua hiyo inarudi kwako, mwanangu. Kama umesimama, kaa kwanza.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Kabla ya kisanduku chako, kila fundi pale kiwandani alitembea na kipande cha waya mfukoni. Jicho la mlango wa mashine ya kupanga kreti, lile linaloiambia mashine kama mlango uko wazi, likisumbua, unaunga waya kabatini, pielsii inadanganywa kwamba mlango umefungwa, kazi inaendelea. Ile pielsii, kompyuta ya kabatini inayoiamuru mashine, haijui kushuku. Ikiambiwa mlango umefungwa inaamini, kama baba yako na wauza viatu.

Wewe ndiye uliyekataa mchezo huo. Ukabuni kisanduku cha kukaa kati ya jicho na pielsii, na kila baada ya dakika moja kinalikatia jicho umeme, kufumba na kufumbua, kuona kama litanyamaza. Jicho zima hunyamaza. Waya haunyamazi. Kisipopata ule ukimya, kinaisimamisha mashine. Siku uliyonieleza nilikucheka, nikakuita profesa wa mabomba, kisha nikaenda chooni nikalia kwa fahari. Hilo sikuwahi kukuambia.

Unakumbuka sharti la mwenye kiwanda: siku thelathini za majaribio. Kisipoisimamisha mashine bila sababu, angekifunga kwenye mashine zote na kulisimamia ombi lako la hataza, ile hati ya serikali ya kwamba uvumbuzi ni wako na si wa mwingine. Ulihesabu siku hizo kwa chaki mlangoni mwa karakana.

Siku ya ishirini na mbili ulikuwa umetumwa tawi la pili. Asubuhi hiyo jicho la mlango lililegea kwa mtikisiko, na mashine ikawa inasimama. Ilisimama mara sita kabla ya chakula cha mchana. Kosa lilikuwa la jicho, lakini watu walikilaumu kisanduku kwa kuwa ndicho kilikuwa kigeni. Msimamizi wa zamu akanijia ameshika kiuno. "Fundi, hiki kidude cha mwanao kitatufungia kiwanda. Jioni naandika ripoti." Nikaenda stoo, nikaambiwa jicho jipya litafika Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Nikaogopa kwa ajili yako. Nakuapia hilo, ingawa sijui kama kiapo changu kina uzito tena. Niliona zile siku ishirini na mbili zinafutwa, na wewe unarudi jioni kuwakuta watu wanacheka. Nikafungua kabati, nikautoa waya wa kisanduku kwenye pielsii, nikaweka wangu wa kusema mlango umefungwa, umefungwa, umefungwa. Kisanduku nilikiachia umeme wake, taa yake ya kijani ikabaki inawaka kana kwamba kiko kazini. Nilijiambia ni mpaka Ijumaa tu.

Fundi mvivu angeacha waya mwekundu unaning'inia, na yeyote ambaye angefungua kabati angeuona na kuuliza. Mimi nilichagua rangi ileile. Nikaukata urefu uleule, nikaulaza pamoja na wenzake, nikaufunga na vibana. Unanijua nilivyo. Miaka yote ulinitania kwamba hata nikiunga kengele ya mlango nitaipiga pasi. Unadhifu huo ndio ulioficha kosa langu, hata wewe ulipofungua kabati jioni ile kukagua hukuona kitu.

Kipenga sikumwambia. Yeye ndiye aliyesimama na mashine ile kutwa nzima, akitupigia mluzi badala ya kutuita, na mimi nilipita mbele yake mara nne siku ile. Nilidhani akijua atasema, na ukisikia utaniona nimekuharibia.

Jumatano saa nne asubuhi kreti ilikwama. Kipenga akafungua mlango, kama ulivyomfundisha wewe mwenyewe, kwamba ukifungua mlango mkono wa mashine unasimama. Haukusimama.

Nilikimbilia kabati kuzima umeme. Wenzangu walikuwa wanamtoa, wanapiga kelele, hakuna aliyenitazama. Na hapo mbele ya kabati mikono yangu ikautoa waya wangu na kuurudisha wa kisanduku mahali pake, kabla kichwa hakijaiuliza inafanya nini. Hapana, nisikudanganye mara ya pili. Kichwa kilijua. Waya niliutia mfukoni, nikafunga kabati, ndipo nikaenda kumshika Kipenga mkono.

Siku tatu baadaye alitutoka hospitalini. Wakaguzi walikuja, wakakuta kila waya uko mahali pake na taa ya kijani inawaka, wakaandika kwamba kisanduku kilishindwa kutambua mlango uliofunguliwa. Ukaitia sahihi ripoti yao. Ombi la hataza likafungwa hata kabla halijafunguliwa. Ulipoondoka nilikusindikiza hadi stendi, nikakubebea begi, nikakuambia hakuna fundi asiyekosea. Ukanishukuru.

Miaka miwili nimeishi na hayo. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, na aliyeumbuka ni wewe. Kila barua yako ilipofika niliisoma nikasema nitamwambia akipona kidogo. Ile bahasha ya mjane ndiyo iliyonishinda. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na ulikuwa unaniomba nikusaidie kukitafuta.

Alhamisi nilikwenda kwa mjane. Chumba chake cha mbele amekigeuza cha kushonea, nikamkuta katikati ya mashati ya shule. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bahasha yako mkononi, kwa kuwa nilijua nikikaa ataniletea maji, na sikustahili maji yake. Hakupiga kelele. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi.

"Na kijana anajua?" akaniuliza.

Nikamwambia hajui.

"Basi kamwambie yeye kwanza. Miaka miwili nimemlaani mtoto wa watu bure. Na hii barua yake mrudishie, sipokei radhi ya mtu ambaye hajanikosea."

Radhi yangu nayo hakuipokea. Alisema hajui bado kama ataweza, nami sikumuuliza lini atajua. Bahasha yako nimeiambatisha humu, haijafunguliwa.

Ijumaa nikaenda kwa meneja, nikamwekea ule waya mezani. Ndiyo, nilikuwa nao, kwenye kopo la vifungo. Niliandika maelezo yangu kurasa tatu, nikarudisha funguo za karakana. Wakaguzi wameniita Jumanne, na meneja anasema huenda nikafika mahakamani. Sina ubishi naye. Ripoti itaandikwa upya na jina lako litaondolewa. Hilo nimelidai kwa maandishi, na nakala yake nimekutumia ndani ya bahasha hii. Itunze, usiiache kwenye mfuko wa suruali kama ulivyozoea.

Baba yako nilimwambia jana. Tangu tukiwa watoto hatujawahi kulala tumenuniana, mimi na yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, akashuka ngazi kurudi kwake ng'ambo ya mtaa, bila kuzilaumu. Leo hajapanda.

Mchoro wako nimeusoma wote. Sikuwa natafuta kosa, nilitaka kukaa na wewe kidogo. Ni kazi safi. Ukurasa wa tisa mimi nisingeuweza hata ningeongezewa miaka kumi. Ukirudi mezani, na nakusihi urudi, ongeza jambo moja: ifanye pielsii nayo ikiulize kisanduku kama bado kimeungwa, na isiposikia jibu isimame. Hukuliwaza kwa sababu hukudhani mtu wa nyumbani kwako angekitenga. Sasa unajua anaweza. Kipeleke mbele za watu kwa jina lako, na kwenye ombi la hataza usiandike popote kwamba nilikufundisha mimi.

Usinitetee kwa mtu yeyote. Wala usije haraka kwa ajili yangu. Najua moyo wako, utataka kusema kwamba nilifanya kwa mapenzi. Ni kweli nilifanya kwa mapenzi, na Kipenga amekufa, na wewe nikakuacha ubebe jeneza lake peke yako.

Bibi yako anakusalimu kwa sauti kubwa, anadhani wewe ndiye usiyesikia. Hajui bado. Binti yangu anakusalimu na anasema uache kumeza vidonge vya kikohozi bila kupimwa. Mama wa ghorofa ya chini, aliyekupa jina la Msumari ulipochomeka msumari kwenye soketi yake, anauliza kama huko soketi ziko juu zaidi. Baba yako hakunituma salamu, lakini nimemwona dirishani kwake anaipangusa picha yako.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe usingizi wa mtu asiye na deni kwa mtu. Akurudishie mikono yako.

Sitakuomba unijibu. Nitamuuliza mtu wa posta kila akipita, kama nilivyozoea, na pasipo na kitu nitajua barua hii umeipata.

Ni mimi shangazi yako,
ninayekupenda hata kama hutaki tena kupendwa na mimi.