Mwito wa Mzee Ondoma

Jumatatu, 8 Septemba

Nyimbo mpya nne za kuchambua tangu asubuhi. Mbili takataka tupu: mtu ananunua mdundo Kampala halafu anaimba kama ana mafua. Ya tatu nzuri ila haijui pa kuishia. Ya nne ni ya Kiden, binti wa Dranya kule Koboko. Karekodi kwa pesa zake, studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Adungu ya nyuzi, ngoma moja, sauti yake. Basi.

Mwanzoni kabisa kuna mwanamume anapiga mwito. Unapanda, unapanda tena, unakatika, halafu unashuka kwa vipande. Mwili ulinisisimka. Nimeurudia mpaka Haboba akanigongea ukuta. Bibi yangu havumilii kitu kinachorudiwa isipokuwa dua.

Nimeandika uchambuzi wangu bora tangu nifungue ukurasa wangu wa muziki mtandaoni. Nimesema mwito ule ndio wimbo wenyewe, mengine ni nguo tu. Mhariri mmoja wa jarida la mtandaoni aliniambia nimletee kitu chenye moto. Hiki hapa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejirekodi video uani nikiupiga ule mwito. Nimewaambia wasomaji nao wajaribu, wanitumie zao. Sauti ilinitoka vizuri mpaka nikajishangaa.

Mama Adiru wa chapati, jirani yetu, akatoka na mwiko mkononi.

“Nani alikufundisha hiyo?”

Nikamwambia ni wimbo mpya.

“Hiyo iko ya mutu,” akasema. Akarudi kwenye karai lake.

Nilicheka. Yeye hata upepo anaweza kuutafutia mwenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba

Video imetoka mikononi mwangu. Inazunguka yenyewe. Vijana wa bodaboda pale stendi ya Awindiri wananisalimia kwa mwito. Wanaokwenda Vurra wanaupiga njia nzima, nasikia. Kiden kanipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Hajawahi kusikilizwa hivi. Mimi sijawahi kusomwa hivi.

Mhariri kaandika: anautaka uchambuzi pamoja na video, utatoka Jumanne. Nimeruka jikoni kama mtoto.

Namba nisiyoijua ilipiga. Mtu anapumua tu. Ikapiga tena, hivyo hivyo. Sikupenda.

Jumamosi, 13 Septemba

Ile namba. Safari hii kasema.

“Wewe ndio iko na ile video? Wewe nakaa Awindiri?”

Nikasema amekosea namba. Uongo wa kijinga, jina langu liko kwenye ukurasa na namba chini yake.

“Mimi natoka Vurra. Baba yangu iko nalala.”

Akakata.

Amejuaje Awindiri? Nimeitazama video upya. Nyuma ya kichwa changu kuna kibao cha Mama Adiru, kinasomeka chote: chapati, chai, Awindiri. Nimejichongea mwenyewe. Nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Naogopa.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikwenda kwa Mama Adiru. Sikucheka tena.

Kanieleza akikanda unga, bila kunitazama. Walugbara wanauita cere. Mwanamume anautunga wake ujanani, na unakuwa wake kama uso ulivyo wake. Hata mwanawe wa kumzaa haupigi. Akiwa na furaha anaupiga. Akiwa mashakani anaupiga, na watu wake wanakuja mbio kwa sababu wanajua ni nani.

“Sasa wewe ukipiga yake,” akasema, “watoto yake nakimbia kwa nani?”

Nimezaliwa mji huu, nimekula chapati za mama huyu tangu sina meno, na sikujua. Sisi Wanubi tuna ngoma zetu, nikadhani hilo linatosha kunifanya mjuzi wa muziki wa West Nile nzima.

Nimempigia Kiden. Fundi wa studio aliunasa kwa simu kwenye matanga huko Vurra. Kwa Wakakwa wa Dranya, watu wa Kiden, mwito ule haukuwa na mwenyewe, ulikuwa mtamu tu. Kiden analia. Hakuna mwenye la kufanya, si yeye si mimi.

Video bado ipo. Jumanne iko karibu. Niandike ukweli: nimeiacha kwa makusudi.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja.

Nilikuwa sokoni. Haboba ndiye aliyemkaribisha. Mwanamume mrefu, gambuti zina tope, anaitwa Candia, yule wa simu. Alikataa chai. Mtu anayekataa chai ya Haboba hakuja kucheza.

Haboba kanisimulia yote amesimama. Baba yake Candia, Mzee Ondoma, aliteleza Alhamisi kwenye kijito chini ya shamba lake la muhogo. Mguu ukavunjika. Akapiga mwito wake. Wanawe walikuwa nyumbani na waliusikia vizuri. Lakini bodaboda walikuwa wakiupiga barabarani tangu siku iliyotangulia, na kila mara wanawe walitoka mbio, na kila mara hakukuwa na mtu. Wakasema ni wale wale. Wakaendelea kula.

Mzee kalala majini, mvua inamnyeshea. Mbuzi wake walirudi peke yao, hapo ndipo walipojua. Sasa mguu umefungwa lakini kifua kimeshika homa.

Namwogopa Candia, amesema atarudi. Ila kuna hofu kubwa kuliko ya kupigwa. Mzee akifa, nimemuua kwa koo langu.

Nimefuta video. Nimemwandikia mhariri asitoe kitu. Kajibu kwa neno moja: “Haya.” Sidhani ataniandikia tena. Na kufuta kwenyewe ni bure, iko kwenye simu za watu wote. Jioni kijana kapita akiupiga. Nikaziba masikio.

Jumatano, 17 Septemba

Haboba kasema hatumngoji arudi, tunakwenda sisi. Kajifunga toob yake nzuri, lile vazi refu la Kinubi, kabeba sukari na sabuni. Kiden katoka Koboko alfajiri, macho mekundu. Malori yamepanga foleni ya mpaka wa Congo, madereva wamelala chini ya matela. Nilitamani tukwame hapo siku nzima.

Uani wanaume wamekaa. Hakuna aliyeinuka kutusalimu. Candia alikuwa akinoa jembe, hakuacha. Nilirudi nyuma hatua moja, Haboba akanishika kiwiko.

Wakatuingiza ndani. Mzee Ondoma mdogo kuliko nilivyomtarajia. Kikohozi kinamtikisa mwili mzima. Nilianza kuomba msamaha. Kainua mkono.

“Nilisikia wewe kwa simu ya mujukuu. Wewe napiga muzuri kushinda mimi.”

Hakutania. Kisha akavuta pumzi, akajaribu kuupiga mwenyewe. Ulitoka upepo tu, na kipande kidogo mwishoni. Lakini nje nilisikia viti vikisukumwa. Candia alikuwa mlangoni na jembe mkononi, na ndugu zake nyuma yake, wanahema.

Mzee aliwatazama. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa palepale mkekani.

“Hawa nakuja. Wewe pia najua yangu sasa. Basi ukisikia, kuja.”

Hakutaka mbuzi wa fidia, hakutaka pesa. Candia alipokea sukari kwa mikono miwili. Ningeona afadhali anipige.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama Adiru ana habari za Vurra: homa inapungua, Mzee kala uji. Kiden ameurekodi wimbo upya bila mwito. Unaanza na adungu. Ni mzuri kuliko nilivyotaka kukiri.

Nyimbo mpya za wiki zimeingia. Sijazifungua.

Asubuhi mwito ulilia barabarani. Nilitoka mbio, pekupeku, unga mikononi. Kijana wa bodaboda na abiria wake. Walicheka. Nikawaeleza ni wa nani. Kijana alizima injini, akasikiliza, akasema hakujua. Nikamwambia hata mimi.

Mchana tena, mtu mwingine. Nikatoka tena. Najua Vurra ni mbali, Mzee hawezi kusikika mpaka hapa. Moyo haujui, unaruka tu. Kila mara naogopa kwamba safari hii ni kweli.

Nimekuta Haboba ameziweka kandambili zangu mlangoni, zimeelekea nje.