Kibao cha Uwanjani

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi nipo, ila mgongo unanitesa na daktari hataki nisimame jukwaani tena.

Redio inaandaa kipindi kuhusu bendi yetu. Mtangazaji ana adabu, lakini kila nikianza kueleza tulivyoipata ile sauti ya magitaa, ananirudisha kwenye lile onyesho la uwanjani. Hataki habari za nyimbo. Anataka kujua kwa nini nilikupiga.

Nakuomba jambo dogo tu. Wakikupigia simu, waambie yalikuwa maigizo, tulipanga wenyewe kuchangamsha watu. Ukisema wewe, wote watanyamaza. Tumetoka tumbo moja. Usiache kazi yangu ya maisha izikwe na kosa la usiku mmoja.

Kaka yako

11 Februari

Kaka,

Hapa wote wazima, ukiondoa sikio langu la kushoto, ambalo hukuliulizia. Nikifundisha kwaya nasimama upande, ndipo nijue nani kakosea sauti.

Maigizo gani? Kipaza sauti changu kilikatika, nikachelewa kuingia kwenye kiitikio, ukaja ukanizaba kibao. Kipaza sauti chako kilikuwa kinafanya kazi, uwanja mzima ukasikia mlio. Na wala haukuwa usiku mmoja. Kesho yake ulikaa kwenye televisheni, miwani nyeusi usoni, ukacheka: "Mwimbaji asiyejua zamu yake hukumbushwa." Ukaendelea kulirudia hilo kila ulipokwenda, kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

Sasa sikiliza wanavyocheka siku hizi. Majuzi nilikuwa kwenye harusi ya binti wa jirani. Wakapiga ule wimbo uliomtungia mama alipolazwa. Kilipofika kiitikio, vijana wakasimama wawiliwawili, kila mmoja akajifanya anamzaba mwenzake, wakaanguka chini kwa kicheko. Ndiyo staili yake. Jina lako hawalijui. Wanakuita Mzee Kibao.

Sitasema uongo kwa ajili yako.

Dada yako

15 Februari

Wewe,

Salamu sina. Nimesoma barua yako, nikaona kitu kimoja tu: wivu. Nilikutoa jikoni nikakupandisha jukwaani, leo unanihesabia kofi. Nani angekujua wewe bila mimi? Kaa na kwaya yako ya watoto. Redioni nitakwenda mwenyewe, na nitasema nilichotaka ukiseme.

Kaka yako, upende usipende

2 Machi

Dada,

Umefurahi? Bila shaka ulisikiliza. Nilikuwa nazungumza vizuri kabisa, nimeeleza kwamba tulipanga, mtangazaji anaitikia. Mara wakapokea simu, nani yuko hewani? Mpiga ngoma wetu, yule mzee niliyemfukuza. Akasema yeye ndiye aliyekupeleka hospitali usiku ule, damu inakutoka sikioni, na kwamba mimi nilibaki nyuma ya jukwaa nikipiga picha na mashabiki.

Najua ni wewe uliyempa namba. Nilimwambia yanayomstahili, wakanikata katikati ya sentensi wakaweka matangazo ya sabuni. Kipindi kimefutwa. Sasa watu wananiwekea sauti yangu mwenyewe kwenye simu zao, nikimtukana yule mzee mama yake. Hata kinyozi wangu anayo.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Nashukuru kwamba mgongo bado unakuruhusu kwenda studio.

Sikumpa mtu namba. Namba ya redio inatajwa kila baada ya wimbo. Ulichofanyiwa umejifanyia mwenyewe, mchana kweupe, tena kwa sauti nzuri. Yule mzee alikuwa na neno moja la kusema. Ungemwambia "samahani", kipindi kingeendelea na nyimbo zako zingepigwa mpaka jioni. Neno lenyewe fupi, na wewe una pumzi ndefu kuliko waimbaji wote niliowahi kuwasikia.

Usiniandikie tena kunilaumu.

Dada yako

28 Juni

Dada,

Sijui habari zako wala siulizi. Nimeambiwa umeuimba wimbo wangu kwenye harusi nyingine, wewe na kwaya yako, bila ngoma wala magitaa, na kwamba umebadilisha mwendo wake. Nani alikupa ruhusa? Wimbo ule ni wangu. Nakukataza kuuimba, na nataka ujibu kwa maandishi kwamba umeacha.

Kaka yako

6 Julai

Kaka,

Nimekupata, na jibu ni hapana.

Niliuimba polepole, kama ulivyouimba wewe kando ya kitanda cha mama, kabla hakujawa na bendi. Kwa mwendo ule hakuna mahali pa kupigia kofi. Vijana walisimama wawiliwawili kama kawaida yao, wakangoja kiitikio, kikaja, mikono yao ikashuka. Mmoja akaketi. Wengine wakaketi. Mama wa bwana harusi alikuwa analia.

Baadaye bibi harusi alinifuata akaniuliza wimbo mzuri hivi ni wa nani. Nikafikiria kulitaja jina lako. Lakini yeye analijua la Mzee Kibao tu, na nilijua angecheka.

Nikamwambia ni wa mama yetu.

Dada yako