Mama, Wimbo Ule ni Wangu

Mama wa ng'ambo,

Shikamoo. Msalimie na Baba. Huku Mbinga baridi imeingia mapema, bibi anaota moto tangu asubuhi, na mimi nina wivu. Naanza na hilo ili lisikushtue huko mbele.

Video uliyotuma kwenye kundi la kanisa nimeiona. Watoto wako wa shule ya Jumapili huko Malawi wamejipanga, wamepakwa mafuta wanang'aa, wanapiga makofi na kuimba: "Tumaini langu njoo, jua linazama, Tumaini langu njoo." Watu hapa wameipenda, jamani! Jumapili iliyopita hata watoto wetu waliuimba, mama mchungaji akafuta machozi. Mimi nilikaa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Maana wimbo ule ni wangu. Ulikuwa ukiniimbia Mbamba Bay, tulipokaa pale kabla ya wito wenu wa kwenda kuhubiri huko Malawi, mimi nimegoma kutoka ziwani huku meno yanagongana. Ulisimama na kanga mkononi ukiniita, na kule kuita kukageuka wimbo. Ukinikamata unanifunika hadi kichwani, unaniuliza, "Sasa wewe ni samaki au mwanangu?" Nasema samaki, makusudi, ili unibebe mgongoni. Unakumbuka? Nyumbani tunakula ugali na usipa, vidagaa vya ziwani, nami nimekukalia mapajani ingawa nilishakuwa mkubwa wa kuona haya.

Kwenye video yupo binti mmoja wa gauni la njano. Anakuuliza tumaini ni nini. Ukampakata, ukamwambia, "Ni Bwana Yesu, mwanangu. Ndiye tunayemngoja."

Mama! Tumaini ni mimi. Nilibatizwa jina hilo ukiwa umenishika mwenyewe. Na huko kote hakuna anayejua kwamba wimbo huo una mwenyewe, yuko Mbinga, anaanika kahawa ya bibi. Sasa nimwonee wivu Yesu? Watu watanionaje? Basi namwonea yule wa gauni la njano. Mapaja yale nayajua.

Mliponiacha kwa bibi nisome, ulisema, "Muda mfupi tu, mwanangu." Shule nimemaliza, nimeshaposwa, na bado kila Krismasi napokea picha ya keki mnayokata na watoto wa watu. Kanisani wananiita mtoto wa sadaka. Wanadhani wananisifu.

Juzi ndiyo umeniuliza kwa mara ya kwanza. Kanisa la huko limewaomba muongeze miaka mingine, nawe ukatuma sauti yako, kundi zima linasikia: "Tumaini akiridhia, tunabaki." Kesho yake wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakanimwagia sifa hadi nikaelewa wanachotaka. Walipoondoka bibi akasema tu, "Umeulizwa wewe, si wao."

Basi najibu humu humu kundini, wote wasome. Watoto wale ni wazuri, nimewaona. Wanakupenda, na ukiondoka watalia. Walie. Mimi nililia pia, na aliyekuwa akinibembeleza kwa wimbo alikuwa ameshavuka ziwa.

Siridhii, Mama. Rudi.

Mwanao wa kumzaa,
Tumaini