Jogoo wa Kishingo kwa Mzee Eusebio

Chiola, Nachingwea

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kwangu tunaamka salama. Mkwe wako Fidelis anakusalimu, na wajukuu wanauliza Babu atakuja lini. Wewe na Mama mnaendeleaje hapo Nandagala? Lile goti limetulia? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Nakujua.

Kaka Abel alinifikishia ombi lako. Jogoo wako wa madoadoa amekufa, unataka mwingine wa kupeleka altareni siku ya misa ya mavuno, maana parokia nzima inawajua kuku wa mzee Eusebio. Ndiye huyo aliyemo kwenye tenga alilobeba Abel. Ukimfungua utaona madoa yamekaa vizuri na mkia umesimama. Halafu utaona shingo. Haina hata unyoya mmoja. Tafadhali kaa kwanza, Baba.

Nilipoolewa ulinipa mbegu yako ya kuku wa madoadoa ukaniusia nisiichanganye, nami nikatii. Kila msimu nilibakiza waliopendeza, wengine nikachinja, na wageni walikuwa wakisimama uani kuwasifia. Kumbe tetea wenyewe wanataga kwa kubahatisha, wanaacha kuatamia, na vifaranga vinasinzia mpaka vinakufa. Jirani yangu Minza, wa wale wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, aliniambia eti nafuga mapambo. Niliumia sana. Lakini alisema kweli, basi nikaazima jogoo wake wa kishingo, mbaya huyo, hatazamiki, nikamchanganya na tetea wangu.

Siku hizi nachagua kwa mambo mawili. Mzuri asiyetaga anaingia chunguni. Anayetaga bila madoa namvumilia, nikitazamia wanawe. Nyumba yangu haikosi mayai na madoa yako bado yapo. Sijutii, na sirudi nyuma.

Najua utasema kwamba kwako madoadoa watupu wametaga miaka yote, na kwamba sisi tulikuzwa na mayai yao. Hapo kalamu ilinigoma, nikampigia Mama. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mwambie tu, mwanangu. Nimechoka kuyabeba."

Baba, kuku wako hawakuwahi kutaga vile. Mama anafuga tetea wa kishingo kwa jirani yenu Rozalia. Kila alfajiri akienda kuteka maji hurudi na mayai kwenye kanga na kuyapanga kwenye viota vya kuku wako, kwa sababu anapenda kukuona ukiyaokota huku unatabasamu. Hata leo amefanya hivyo.

Msalimie Rozalia, wala usimgombeze. Jogoo ukimkataa, mrudishe na Abel, sitanuna. Ila kesho ukishaokota mayai, kabla hujaniita mkaidi, mpelekee Mama maji yake ya kuoga, umwambie asante.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Brigita