Niliongeza Jua Chumbani kwa Mama

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, tena uharakishe kidogo, kwa sababu daktari amenihesabia miezi mitatu kwa sauti ya karani anayempangia mtu likizo, na mwezi wa kwanza nimeshaumaliza kwenye kompyuta.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, nilifundisha sayansi miaka thelathini na minne, moyo umechoka, miguu imejaa maji, ila akili bado ipo, jambo ambalo katika habari hii ni hasara. Mjukuu wangu, msichana anayetengeneza matangazo, aliniona nimelala tu natazama dari, akaniletea kompyuta yake ya zamani yenye programu ya kuhariri picha, akanifundisha kutengeneza kurasa za kumbukumbu za familia: unaskani picha za zamani, unazipanga juu ya karatasi ya maua ambayo si karatasi, unaongeza utepe ambao si utepe, kisha unamalizia kwa mwanga. Hapo kwenye mwanga ndipo nilipoharibikia. Programu ina taa za kila namna, ya kurunzi, ya jukwaani, na miale ya jua inayoingia kwa mshazari kama mgeni asiyepiga hodi, unaivuta popote unapotaka, ukimpenda mtu unamng'arisha, usipompenda unamfifisha, na kwa mtu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu hakuna mchezo mtamu kama huo.

Sasa nisikilize. Mama yetu aliugua miaka sita, hakuweza hata kujigeuza. Aliyemwosha, aliyemgeuza na kumlisha kwa kijiko ni mdogo wangu, fundi cherehani, ambaye alihamishia cherehani yake chumbani kwa mama na kupoteza nusu ya wateja. Mimi nilikuwa nakuja Jumamosi mojamoja, na matunda, na ushauri. Siku mama alipofariki nilikuwa kwenye semina ya walimu wakuu kuhusu uwajibikaji. Lakini mdogo wangu si msemaji na mimi ni msemaji, basi miaka ilivyokwenda hadithi ikahamia kwangu, kama mpangaji anayeleta mizigo kidogokidogo, mpaka wanangu na wajukuu wote wakawa wanajua kwamba bibi ndiye aliyemuuguza mama yake na kumfumba macho.

Picha ya chumba kile ni moja tu. Mdogo wangu ameketi kitandani kwa mama ameshika kikombe, mimi nimesimama mlangoni na mkoba begani, kama mtu anayeulizia njia ya kwenda posta. Picha hiyo niliifanyia kazi siku nne. Nikashusha giza upande wa mdogo wangu mpaka akafanana na pazia, nikaingiza miale ya jua kutoka mlangoni, ikanimwagikia kichwani na mabegani, mkoba nikauzamisha kivulini, na chini nikaandika "Miaka ya Kumuuguza Mama". Mjukuu alipoiona alilia. Akaituma kwa ukoo mzima, na sasa anataka ichapishwe kubwa iwekwe mbele siku ya mazishi yangu, ambayo wanayapanga kwa kunong'ona chumba cha pili wakidhani masikio yangu nayo yamestaafu.

Jumapili moja mdogo wangu alikuja kuniona, kama ajavyo kila Jumapili. Mjukuu akamwonyesha ukurasa kwa furaha. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, kisha akaniambia polepole, "Dada, dirisha la chumba cha mama lilikuwa upande wangu."

Mjukuu akacheka. "Bibi mdogo, hayo ni mapambo tu."

"Sawa," akasema. Akavua miwani, akanifunika miguu vizuri, akaaga. Nikaitazama picha upya: vivuli vyote vinaelekea mlangoni, kulekule linakotoka jua langu. Amekosa Jumapili mbili sasa, wala simu hajapiga.

Nimefikiri niandike ukweli wote kwenye barua, niifunge, nimkabidhi mwanasheria, isomwe nikishazikwa. Je, haitoshi? Au niuache ukurasa ulivyo, maana wajukuu wanaupenda na mdogo wangu mwenyewe hajalalamika? Nijibu nikiwa bado najisomea.

Mwalimu Mkuu, kitandani

MSHAURI ANAJIBU:

Mwalimu Mkuu, shikamoo.

Pole kwa moyo na miguu. Kwa hayo mengine sikupi pole. Wewe uliyewakata maksi watoto wa watu kwa kuchora kivuli upande usiofaa, umeweka jua mlangoni na kuacha vivuli vikilifuata kama kondoo. Siku nne za kazi, na ukakamatwa na fundi cherehani kwa sentensi moja.

Unasema hajalalamika. Mtu aliyekuja kila Jumapili akiacha kuja, amelalamika. Ulitaka alete barua yenye mhuri?

Na huo mpango wa mwanasheria ni ujanja wa mtu anayetaka kuungama mahali ambapo hakuna wa kumuuliza swali. Wewe utakuwa umepumzika. Yeye atakuwa ameketi mbele ya ukoo mzima, macho yote kwake, akidaiwa akulilie na akusamehe kwa pumzi moja. Umemwachia kazi za uuguzi miaka sita, sasa unataka kumwachia na hiyo?

Sikudharau, mama. Kuogopa kufa ukiwa yule mtu wa mlangoni ni hofu ya kweli, na wengi wetu tumesimama mlangoni kwa watu tuliowapenda. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na programu.

Basi fanya hivi. Mwite mjukuu leo. Usingoje upate nafuu, daktari ameshakwambia. Mweleze kwa mdomo wako nani alimuuguza mama yenu, na wewe ulikuwa wapi siku ile. Atashangaa, na umwache ashangae, wajukuu hawafi kwa mshangao. Kisha aondoe tabaka la jua na tabaka la giza. Picha ya asili iko chini yake, haijaguswa, maana programu hizo zina huruma kuliko binadamu. Aitume kwa walewale aliowatumia ya kwanza, pamoja na maneno yako, machache, yasiyo na methali. Wala usianze kummwagia mdogo wako miale ya dhahabu kama fidia. Dirisha lake linamtosha.

Halafu mpigie simu. Usimtume mtu, na usimhutubie. Mwambie umemkosea, mwombe aje, na akija kompyuta iwe imezimwa. Muulize mama alivyofariki. Umewasimulia watu siku hiyo miaka yote, na yeye aliyekuwepo hujawahi kumuuliza.

Akianza kusema, usimsahihishe.