Godoro la Mama

Chang'ombe, Dodoma

Kaka Abdulrahim,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila upepo na vumbi tu.

Jana nilimpeleka mama dukani kujaribu godoro la springi lenye sponji juu, kwa ajili ya mgongo wake. Muuzaji akamwambia, "Lala ubavu, mama, kama uko nyumbani."

Akalala. Tangu tumzike baba mwezi uliopita hajapata usingizi wa maana, lakini pale alilala saa nzima. Muuzaji alinikataza nisimwamshe.

Alipoamka aliuliza, "Abdulrahim amefika?"

Nikamjibu uko njiani. Mazishini hukuja, sikukuuliza sababu, na leo pia siulizi. Godoro tumelinunua. Ila kwa mama, tafadhali, usinifanye mwongo.

Mdogo wako,
Zuleha