Jina la Mmoja, Damu ya Mwingine

Alhamisi. Makambako. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia kwenye mifupa.

Ni saa kumi na moja na nusu jioni. Niko peke yangu dukani kwa Mzee Sudi. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure masikio yanakwenda barabarani kusikiliza gari ambalo bado halijarudi.

Naogopa. Niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Mzee Sudi ni mwajiri wangu. Alianza na malori ya mbao na viazi, na biashara zilipofunguliwa akaongeza duka la kompyuta. Mwaka huu alipata kazi iliyonifanya nitembee mjini kichwa juu. Kuna hospitali ndogo hapa Makambako ambayo hupeleka damu za wagonjwa kwa basi la asubuhi hadi kwenye maabara moja Njombe. Majibu hurudi kwa kompyuta, kupitia laini ya simu. Programu inayoyarudisha niliiandika mimi, peke yangu, na niliwaambia watu wote niliowajua.

Jana nilikwenda Njombe kufunga printa mpya pale maabara, nikalala kwa shangazi. Leo saa tatu asubuhi nilikuwa nakusanya bisibisi zangu Mzee Mlowe aliponiita. Mzee Mlowe ndiye mpimaji wa damu pale, mtu wa miaka mingi, mwandiko wake kama wa kitabu cha shule. Alinisalimia kwanza kwa Kibena.

"Kamwene, binti. Njoo unisomee hapa, labda macho yangu yamechoka."

Mkononi alikuwa na karatasi iliyoletwa na basi kutoka Makambako, orodha ya majibu waliyoyapokea, wanayoirudisha kila wiki ili ahifadhi. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la mama mmoja mjamzito. Karatasi ilisema damu yake ni kundi B. Daftari la Mzee Mlowe lilisema O.

"Nitakuwa nimechanganya mimi," alisema. "Umri huu."

Nikaangalia mstari wa chini yake daftarini. Mgonjwa aliyefuata, mwanamume, ndiye aliyekuwa B.

Nilijua. Sikuhitaji hata kufungua mashine.

Ngoja nieleze, maana nimejieleza mwenyewe mara ishirini leo. Kila jibu linasafiri vipande viwili: kichwa chenye jina na namba ya mgonjwa, na mwili wenye majibu yake. Kila kipande kinakaa kwenye kisanduku chake ndani ya kumbukumbu ya mashine. Visanduku hivyo tunaviita bafa. Sikutaka kupoteza muda kuvinakili mahali pamoja. Naiambia mashine: chukua hiki cha hapa na kile cha pale, vitume kama ujumbe mmoja. Ni njia nzuri, na mashine ya maabara ni kuukuu, kumbukumbu yake haba. Sharti ni moja tu. Mpaka mashine iseme imemaliza kutuma kila herufi, usiguse visanduku.

Mimi niligusa.

Laini ikiwa nzito, mashine hupokea sehemu ya ujumbe na kusema iliyobaki itakwenda baadaye. Niliandika vizuri mahali pa kuendelea. Lakini visanduku vyenyewe nilivirudisha papo hapo kwenye rundo la vilivyo huru, na mgonjwa anayefuata akapewa vilevile. Jina la mama lilikuwa limeshaondoka. Majibu yake yalikuwa bado yanasubiri zamu kwenye kisanduku, na majibu ya yule mwanamume yakaandikwa juu yake. Fomu zote zina urefu mmoja, kwa hiyo hakuna kilicholalamika. Wakati wa majaribio nilituma jibu mojamoja, likafika salama. Jumapili mvua ilikata laini, na Jumatatu iliporudi majibu yalikwenda kwa mkupuo.

Sasa ungamo langu. Mzee Mlowe alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akavaa, akaangalia tena daftari lake kama mtu anayesoma barua ya msiba. Nami nilimwacha adhani kosa ni lake. Nilisema tu, "Ngoja niwapigie Makambako."

Karatasi ilionyesha kwamba yule mama alikuwa apasuliwe leo. Mtu wa kundi O akiongezewa damu ya B, damu hiyo inaweza kumuua.

Nilipiga. Laini ina shughuli. Nikapiga tena. Ina shughuli. Hospitali ina laini moja tu, na iliyoishika ni programu yangu. Nikachomoa waya upande wa Njombe, lakini niliiandika iwe king'ang'anizi: ikikatika, upande wa pili unapiga tena na tena mpaka ipokelewe. Simu za mkononi za Makambako zilikuwa hazipatikani tangu jana.

Nikatoka mbio kwenye mvua. Mzee Sudi alikuwa mjini Njombe kununua matairi, nikamkuta anafunga turubai kwenye pikapu yake. Nadhani aliuona uso wangu kwanza. Hakuuliza kitu mpaka tulipokuwa barabarani.

Nikamwambia yote. Aliendesha huku ameinamia kioo.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mzee."

"Laini za simu hulaumiwa kila siku," alisema polepole. "Ukisema laini ilikuwa mbovu, hakuna atakayeshangaa."

Nataka kuandika hapa kwamba nilikataa moyoni mwangu papo hapo. Sikukataa. Kilomita nyingi za barabara ile nilikuwa napanga maneno: laini, mvua, Jumapili. Yalipangika vizuri. Halafu nilipomwona akilini yule mama kwenye meza ya upasuaji, nilisahau yote, nikamwomba Mungu na Bikira Maria gari liende.

Tulifika hospitali saa tano na nusu. Nilipita mapokezi bila kusalimia mtu. Sista Konsolata, mtawa anayesimamia wodi, alikuwa koridoni na trei ya chuma mkononi.

"Sista, yule mama wa upasuaji. Msimwekee damu."

Akaniangalia, nguo zangu zinachuruzika maji sakafuni.

"Hatukumwekea. Kabla ya kumwongezea mtu damu nachanganya matone mawili kwenye kioo, yake na ya mchangiaji. Yalishikana vipandevipande. Nikampima upya mwenyewe, ni O. Tumepata mchangiaji mwingine. Mtoto amezaliwa saa nne, wa kike."

Niliegemea ukuta. Kipande cha kioo na jicho la mtawa vilikuwa vimemwokoa mtu kutoka mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nafikiri kazi yangu imekuja kuondoa mambo kama hayo ya zamani.

Ningeweza kuishia pale. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini Sista aliendelea, kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa:

"Mzee Mlowe amezeeka, maskini. Daktari anaandika barua apumzishwe."

Mzee Sudi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Nilijua nikifungua mdomo, duka linaweza kukosa kazi hii na nyingine zote, na mimi pamoja nalo.

"Siyo Mzee Mlowe," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe? Wewe hupimi damu."

"Programu yangu inachukua jina la mmoja inaliweka kwenye majibu ya mwingine. Daftari la Mzee liko sahihi."

Sista aliweka trei chini.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Kwa hiyo kila karatasi tuliyosoma tangu Jumatatu hatuijui ni ya nani."

"Ndiyo, Sista."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniambia nizime ile mashine, nikaizima, simu ikawa huru. Akampigia Mzee Mlowe, wakaanza kusomeana, yeye karatasi zake na mzee daftari lake, jina kwa jina, nami nimesimama pembeni nikiweka alama. Karibu yote yalikuwa sawa. Matatu hayakuwa sawa. La kwanza ni la mama yule. La pili ni la yule wa kundi B, ambaye yuko wodini na hajadhurika.

La tatu ni la Baba Ezekia. Ni mfanyabiashara wa dagaa, huwafuata Manda kule ziwani na kuwauza sokoni hapa. Alirudi wiki iliyopita na homa. Karatasi ilisema hana malaria. Jumanne akapewa dawa ya kutuliza kichwa, akarudi kijijini kwake. Daftari la Mzee Mlowe linasema vimelea ni vingi sana.

Sista alipotaka kukata simu nikaomba niongee. Nilimwambia Mzee Mlowe kwamba nilijua tangu asubuhi, nikamwacha ajilaumu. Nilisikia mvua ya Njombe ndani ya simu.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima," alisema.

"Ni mazima, mzee wangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini siyo leo, binti. Leo nimeumia."

Mzee Sudi ndiye aliyekwenda kumfuata Baba Ezekia. Alichukua funguo bila kuambiwa, akamchukua na tabibu mmoja, wakaondoka saa saba. Barabara ya kule ni udongo mtupu. Mpaka sasa hawajarudi. Siku mbili na malaria bila dawa yake, mtu wa nyanda za baridi ambaye mwili wake haujaizoea. Ana watoto wanne, Sista aliniambia. Sikuuliza, aliniambia tu.

Mchana nilirekebisha programu. Sasa kisanduku hakiachiliwi mpaka herufi ya mwisho iondoke, na namba ya mgonjwa nimeiandika kwenye kichwa na kwenye mwili, zikitofautiana upande wa pili unakataa kuchapisha. Mistari kumi na minne. Nimeijaribu kwa laini nzito, kwa mkupuo, kwa kukatakata waya. Inafanya kazi. Sijaiwasha hospitali, na siiwashi mpaka Sista Konsolata na Mzee Mlowe waikague pamoja, kwa karatasi na daftari, wiki nzima kama watataka.

Usiku huu sitaomba nisiogope. Nadhani nilikuwa siogopi vya kutosha.

*

Saa kumi na mbili na robo. Pikapu imesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya hospitali. Nimeiona dirishani.

Walikuwa wamemfunika blanketi mbili. Tabibu alimshika upande mmoja, Mzee Sudi upande mwingine, matope mpaka magotini. Baba Ezekia anatembea. Anatembea vibaya, kichwa kimeanguka kifuani, lakini miguu ni yake.

Mke wake ameshuka nyuma yao, na mtoto mgongoni. Ameketi kwenye benchi la nje na hakuna aliyesimama naye. Atataka kujua kwa nini Jumanne waliambiwa warudi nyumbani. Mtu wa kumjibu ni mimi, na sijui bafa linaitwaje kwa lugha ya mama huyu.

Nafunga duka. Nakwenda kukaa naye.